Katibu Akishtakiwa: Juu ya Kumtafuta Wakili wa Utetezi

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya semina ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo katika semina zetu halitajwi, kana kwamba kulitaja ni kulialika nyumbani. Tumefundishana namna ya kuandika kitabu cha fedha, namna ya kukata stakabadhi, namna ya kuitisha mkutano mkuu. Hatujapata kufundishana afanye nini katibu siku ile askari wawili wanapoingia ofisini na kumwambia afunge daftari zake, afuatane nao hadi kituoni.

Najua wako kati yenu wanaojiuliza kwa nini maneno haya yaletwe na mkaguzi. Taarifa ya mkaguzi ndiyo aghalabu inayomfikisha katibu polisi, na mkaguzi ndiye anayeitwa mahakamani kuwa shahidi wa Jamhuri. Hayo ni kweli, nami nimekwisha kusimama katika kizimba cha mashahidi mara nyingi. Lakini nimeajiriwa kutafuta hesabu zilizo sahihi, na hesabu haziwi sahihi kwa kumfunga mtu asiyehusika. Chama kinachofanya hivyo hupata hasara mara mbili: fedha zake hazirudi, na aliyezichukua huendelea kuhudhuria mkutano mkuu na kunyoosha mkono wakati wa kupiga kura.

Kwanza tuelewane juu ya kile ambacho taarifa ya ukaguzi inathibitisha, na kile isichoweza kuthibitisha. Tuseme chama kimenunua korosho kilo 40,000 katika msimu mmoja, na ghala kuu limepokea kilo 39,200. Pana upungufu wa kilo 800. Kwa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo, upungufu huo ni shilingi 1,600,000. Mkaguzi ataandika hivyo, ataambatisha jedwali lake, na jedwali hilo litakuwa sahihi hadi kilo ya mwisho. Walakini jedwali halisemi kilo 800 zilikwenda wapi. Korosho iliyopokelewa ikiwa na unyevu hupungua uzito inapokauka. Mizani isiyohakikiwa hudanganya pande zote mbili. Magunia hufunguliwa njiani. Karani wa ununuzi aweza kuandika stakabadhi ya mzigo ambao haukupata kupimwa. Na katibu naye, tusifichane, aweza kuwa ameuza mzigo huo kwa mlanguzi usiku. Upungufu ni mmoja, njia za kuufikia ni nyingi.

Sasa tazameni sheria inavyosema. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataka mwizi awe amechukua mali kwa hila na bila ya dai la haki. Wizi wa mtumishi ni wizi huo huo, ila aliyeufanya ni mtumishi na mali ni ya mwajiri wake, na adhabu yake ni kubwa zaidi. Neno upungufu halimo katika maelezo ya kosa hilo. Kati ya upungufu na wizi pana mto mpana, na anayepaswa kujenga daraja la kuuvuka ni upande wa mashtaka, tena alijenge pasipo kuacha shaka yenye msingi. Ibara ya 13 ya Katiba yetu, kifungu kidogo cha 6, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba makatibu wengi humjengea mwendesha mashtaka daraja hilo kwa mikono yao wenyewe. Nitaeleza linavyotokea, kwa maana nimeliona katika chama baada ya chama. Taarifa ya ukaguzi inasomwa mbele ya bodi. Kikao kimeanza asubuhi, sasa ni usiku, wanachama wamejaa madirishani. Mjumbe mmoja, pengine kwa nia njema kabisa, anasema, "Ndugu Katibu, andika tu kwamba utalipa, mambo yaishe humu ndani." Katibu anachukua kalamu, anaandika: "Mimi Katibu nakiri kupotea kwa shilingi 1,600,000 za chama, nami nitazilipa baada ya mavuno." Anatia sahihi, mwenyekiti anagonga muhuri, watu wanakwenda kulala.

Katika moyo wake katibu alikuwa na maana ya kwamba yeye ndiye mkuu wa ofisi, hivyo lawama ni zake. Alitaka kulinda kazi yake na jina la watoto wake. Lakini wiki tatu baadaye karatasi ile imo katika jalada la mpelelezi, na kila anayeisoma anasoma kukiri. Mambo hayakuishia mle ndani, kwa sababu kesi ya jinai si mali ya bodi. Ni ya Jamhuri. Bodi haina uwezo wa kuifuta, hata ikiwa fedha zote zimelipwa. Naiona karatasi ya namna hiyo kuwa ni hatari kwa katibu kuliko ushahidi wangu na jedwali langu. Nawaambia wajumbe wa bodi pia: mnapomshurutisha mtu kuiandika, mnafunga mlango wa kumtafuta mwizi. Nani ataendelea kuchunguza mizani na madereva wakati amekwisha kupatikana mtu aliyeandika kwa mkono wake?

Kwa hiyo, Ndugu zangu, mimi nasema wakili hutafutwa kabla ya kalamu. Wengi humtafuta baada ya kusomewa mashtaka, wengine baada ya hukumu. Wakati huo wakili huwa kama fundi aliyeitwa kupaka rangi nyumba iliyokwisha kuanguka ukuta.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imempa mtu aliyekamatwa haki ambazo hapana budi kila katibu azijue kama anavyojua funguo za ofisi yake. Aelezwe kosa analotuhumiwa. Aambiwe kwamba, ukiacha jina na anwani yake, halazimiki kujibu maswali. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili, au ndugu, au rafiki. Tena, asipofikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, apewe dhamana ya polisi, isipokuwa kwa makosa yale mazito sana ambayo sheria imeyatenga. Dhamana hiyo hailipiwi hata senti moja, na anayeomba fedha ili kuitoa anaomba rushwa.

Mtu hana haja ya kuwa mkorofi ili azitumie haki hizi. Aseme kwa adabu, "Afande, nitatoa maelezo wakili wangu akiwapo," kisha anyamaze. Kwa jadi yetu kunyamaza mbele ya mkubwa huonekana ni kiburi au ni dalili ya hatia, na ndiyo maana watu wazima waliozoea kuheshimika hujikuta wakieleza, wakieleza tena, na kuongeza yasiyoulizwa. Mdomo uliponza kichwa. Endapo atatoa maelezo, asitie sahihi ukurasa ambao hakuusoma. Macho yakiwa hayaoni vizuri, asomewe, na palipoandikwa sivyo aombe parekebishwe kwanza.

Nimepata kusikia makatibu waaminifu wakisema kwamba mwenye haki hana haja ya wakili, kwa kuwa ukweli hujitetea wenyewe. Maneno haya ni matamu, nami natamani yangekuwa kweli. Nitawapa mfano wa kesi moja niliyotolea ushahidi, bila kutaja chama wala mtu. Katibu alishtakiwa kwa wizi wa mtumishi. Alikuwa peke yake, na zamu yake ya kunihoji ilipofika, aliniuliza, "Mkaguzi, kwa nini unanichukia?" Nilijibu kwamba simchukii. Akauliza tena, kwa namna nyingine, lile lile. Hakimu akamwonya. Mwisho akaketi, akilia, na mahakama ilikuwa haijaambiwa lolote la kumsaidia.

Kesi ikaahirishwa. Tarehe iliyofuata ndugu zake walikuwa wamekwisha kumpata wakili, kijana mwembamba mwenye mkoba uliochakaa. Aliomba nirudishwe kizimbani, akakubaliwa, naye akaniuliza mambo machache tu. Sefu ya chama ina funguo ngapi? Nikajibu, mbili. Wa pili unakaa kwa nani? Kwa mweka hazina. Mteja wake alianza kazi lini? Mwezi wa pili. Je, ipo hati ya makabidhiano baina yake na katibu aliyemtangulia? Haipo. Basi upungufu huu ulianza kabla ya mwezi wa pili au baada yake? Nikajibu kama hesabu zinavyojibu: hesabu za mwaka zinaonyesha upungufu wa mwaka, hazionyeshi mwezi. Wakili akasema hana swali zaidi. Upande wa mashtaka ulipomaliza mashahidi wake, mahakama iliona kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu, akaachiwa.

Angalieni, wakili yule hakubishana na jedwali langu hata tarakimu moja. Ukweli wote ulikuwamo kichwani mwangu tangu siku ya kwanza, lakini shahidi hujibu anachoulizwa. Katibu alikuwa anajua juu ya funguo mbili kuliko mtu yeyote, ila hakujua kwamba funguo ndizo kesi yake. Hiyo ndiyo kazi ya wakili: kujua kati ya mambo mia moja ni lipi ambalo sheria inaliangalia.

Sasa nije kwenye kumtafuta. Nje ya mahakama zetu nyingi, chini ya mti au katika kibanda cha kupigia chapa, hakosi mtu mwenye tai na mafaili, ambaye watu humwita wakili. Wengi wa hao ni vishoka. Wakili wa kweli ameapishwa na Jaji Mkuu, jina lake limo katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama, na kila mwaka huwa na cheti kinachomruhusu kufanya kazi mwaka huo. Mwombe akuonyeshe cheti cha mwaka huu. Wakili halisi hachukizwi na ombi hilo. Chama cha Mawakili wa Tanganyika nacho kinaweza kukujulisha kama mtu fulani ni wakili au la. Mkiwa na malalamiko juu ya mwenendo wa wakili, iko Kamati ya Mawakili yenye mamlaka ya kumwadhibu, hata kufuta jina lake. Kishoka hana kamati. Akila fedha zako, amekula.

Usimchague kwa sababu ya sifa alizopata katika mambo mengine. Aliyekuandikia vizuri mkataba wa kiwanja pengine hajasimama katika kesi ya jinai kwa miaka kumi. Muulize waziwazi: unafanya kesi za jinai? Umepata kutetea mtu katika kesi ya hesabu? Utakuja wewe mwenyewe, au utamtuma mwenzako? Kesi hizi huahirishwa mara nyingi, leo shahidi hakufika, kesho jalada liko kwa mwanasheria wa Serikali. Wakili maarufu aliye mji wa mbali atakudai nauli na malazi kwa kila tarehe, na tarehe zitakuwa nyingi. Kwa maoni yangu, wakili wa kawaida aliye karibu na mahakama yenyewe, anayesoma jalada lake, ni bora kuliko jina kubwa linalofika mara moja katika tarehe tatu.

Hapa kuna jambo ambalo vyama vyetu hulikosea sana. Katibu akishtakiwa, husema, "Tunaye wakili wa chama, atanisaidia." Hawezi, na hapaswi. Katika kesi hii chama ndicho kilichopotelewa na mali, na wakili wa chama hufanya kazi ya chama. Akimtetea anayetuhumiwa kukiibia chama atakuwa anatumikia mabwana wawili wanaovutana. Ni vivyo hivyo kwa mwanasheria wa chama kikuu. Kadhalika katibu asimweleze wakili huyo siri zake kwa kudhani ni wake.

Jambo linalofanana na hilo ni pale wanaposhtakiwa pamoja mwenyekiti, katibu, mweka hazina na karani wa mizani. Wao huchangishana na kumweka wakili mmoja, kwa kuwa ni nafuu. Maadamu utetezi wao ni mmoja, kwa mfano wote wanasema korosho ilikauka, hakuna neno. Lakini utetezi wa katibu ukiwa ni funguo ya mweka hazina, wakili mmoja atamtetea nani? Wakili mwenye kuijali kazi yake atawaambia mapema wagawanyike. Asipowaambia, waambizaneni wenyewe.

Juu ya malipo nitasema machache, ingawa ndiyo watu huuliza kwanza. Mapatano yawe kwa maandishi: ni kiasi gani, kinalipwa kwa awamu zipi, kinahusu nini. Je, ni pamoja na maombi ya dhamana? Ni pamoja na rufaa? Nauli ni juu ya nani? Kila malipo yadaiwe stakabadhi. Sisi wana ushirika hatuna udhuru katika hilo. Anayekuahidi ushindi hata kabla ya kuisoma hati ya mashtaka anakuuzia samaki aliye majini. Na akikwambia sehemu ya fedha ni "ya kumwona hakimu", ondoka ofisini mwake siku hiyo hiyo. Mtoaji na mpokeaji wa rushwa wote ni wakosaji, na utakuwa umeingia kwa kosa moja na kutoka na mawili.

Na fedha za wakili zisitoke katika kasha la chama. Yupo atakayesema, "Nilishtakiwa nikiwa kazini, chama kinilipie." Hata kama bodi nzima inakupenda, kuchukua fedha za wanachama ili kujitetea dhidi ya tuhuma ya kuchukua fedha za wanachama ni kumpa mkaguzi ukurasa mwingine wa kuandika. Ndugu wachange, ng'ombe auzwe, mkopo uombwe kwa taratibu zake.

Asiye na ng'ombe je? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili yake. Hakimu au jaji akiona kuwa haki inataka mshtakiwa awe na wakili, naye hana uwezo, anaweza kuthibitisha hivyo ili apatiwe msaada huo. Lakini hakimu hasomi mfuko wa mtu usoni. Mshtakiwa aseme mwenyewe, asimame na kuomba. Wapo pia wasaidizi wa kisheria katika wilaya zetu, ambao hufanya kazi njema ya kushauri, kuandika barua na kumwelekeza mtu pa kwenda. Msaidizi wa kisheria si wakili, hasimami mahakamani kumtetea mtu, na haruhusiwi kumtoza ada. Ofisi ya ustawi wa jamii ya Halmashauri yako ni mahali pema pa kuanzia kuuliza.

Wengine huuliza juu ya Mahakama ya Mwanzo. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, wakaruhusiwa katika zile zinazoongozwa na mahakimu wakazi. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama zote, jambo ambalo limetuondolea kisingizio kimoja: mwenendo wa kesi yako sasa waweza kuusoma na kuuelewa wewe mwenyewe.

Ukisha kumpata wakili, mwambie kweli yote. Mazungumzo ya mtu na wakili wake yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, hawezi kuyatoa nje bila ya ridhaa yako, ila kama unamshirikisha katika kutenda uovu mpya. Mficha uchi hazai. Nimeona wakili akiaibika mbele ya mahakama kwa sababu mteja wake alimficha karatasi moja yenye sahihi yake, nayo ikatolewa na mwendesha mashtaka kama kielelezo. Ikiwa ulizichukua fedha hizo, mwambie ulizichukua. Kumtetea mtu aliyekosa si kumsaidia kudanganya. Ni kuhakikisha kwamba anaadhibiwa kwa kosa alilolitenda, kwa kiasi cha sheria, wala si kwa makosa ya ofisi nzima.

Hapo ndipo linapokuja suala la kukiri. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan la mwaka 1973, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo: shtaka lisomwe na kuelezwa katika lugha anayoijua mshtakiwa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha maelezo ya tukio yasomwe naye aulizwe kama anayakubali. Mtu akisema, "Ni kweli fedha zilipungua," hajakiri wizi. Akisema tu, "Ni kweli," huku akiwa na maana ya kupungua, amejitia mahali pabaya, na kumtoa humo ni kazi ya rufaa. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu pia mshtakiwa na upande wa mashtaka kuafikiana juu ya kukiri, pengine kwa kupunguziwa shtaka na kurudisha mali. Mapatano hayo yana faida kwa mwenye kosa anayetaka kulimaliza. Yafanywe na wakili, kwa maandishi, mbele ya mahakama. Yasifanywe kwenye ukumbi wa nje na mtu aliyekuja kukunong'oneza.

Kuna karatasi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mshtakiwa akikana, mahakama hufanya usikilizaji wa awali, na humo huorodheshwa mambo yasiyobishaniwa. Mshtakiwa hutia sahihi. Jambo lililomo katika orodha hiyo huhesabika kuwa limekwisha kuthibitishwa, shahidi hahitajiki tena. Kukubali kwamba wewe ni katibu, na kwamba chama kina jina hili, hakuna neno. Ukikubali pia, kwa haraka, kwamba "fedha zote zilikuwa mikononi mwa mshtakiwa", umetoa funguo ya mweka hazina katika kesi kwa mkono wako.

Dhamana ya mahakama nayo ina mambo yake. Kama thamani ya mali inayolalamikiwa inazidi kiwango kilichotajwa na sheria, mshtakiwa hutakiwa kuweka nusu yake, kwa fedha au mali, na iliyobaki kuikatia hati ya dhamana. Shtaka likiitwa la uhujumu uchumi, chini ya sheria ya mwaka 1984, kwa thamani kubwa maombi ya dhamana hupelekwa Mahakama Kuu. Viongozi wa vyama vya msingi wamepata kufikishwa mahakamani na TAKUKURU katika miaka ya karibuni, kwa hiyo msidhani haya ni ya watu wa mijini. Mtu aliye mahabusu hawezi kuyaandika maombi haya peke yake. Akibaki ndani hata akiwa hana hatia, shamba lake halipaliliwi.

Nyaraka za chama asiziguse. Daftari haziendi nyumbani, ukurasa hauchanwi, stakabadhi haikatwi upya kwa tarehe ya nyuma. Hilo ni kosa jipya, tena lenye ushahidi rahisi. Anachoweza kufanya ni kukaa chini mapema, kabla kumbukumbu haijachakaa, akaandika kwa ajili ya wakili wake: nyaraka fulani ziko kabati gani, gari la tarehe fulani liliendeshwa na nani, nani alikuwapo mzigo ulipopimwa. Wakili ataiomba mahakama iamuru nyaraka hizo ziletwe na mashahidi hao waitwe. Wajumbe wa bodi, msimkatalie wala msimzungushe wakili anayekuja na amri hiyo. Mnaweza kumsimamisha kazi katibu, hilo ni la taratibu zenu, lakini hamna haki ya kumnyima ushahidi.

Tena msichanganye mambo mawili. Mrajis, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, anaweza baada ya uchunguzi kumwamuru mtu arudishe fedha za chama. Amri hiyo si hukumu ya wizi. Katibu anaweza kuachiwa na mahakama ya jinai na bado akadaiwa fedha kwa uzembe, na anaweza kulipa fedha zote na bado akafungwa. Wakili aulizwe juu ya yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa jibu utakaloliandika kwa Mrajis litasomwa pia na mpelelezi.

Mwisho kuna rufaa. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 10, na kuwasilisha sababu za rufaa ndani ya siku 45; muda wa kungojea nakala ya hukumu hauhesabiwi. Aliye gerezani hutoa taarifa yake kupitia kwa mkuu wa gereza. Siku 10 hupita upesi sana katika nyumba yenye msiba, kwa hiyo ndugu mmoja apewe kazi hiyo tangu siku ya hukumu, akumbushe.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Nimeleta fomu za makabidhiano ya ofisi, ziko mezani karibu na mlango. Kila chama kichukue tatu: ya anayetoka, ya anayeingia, na ya jalada. Makatibu walioanza kazi bila ya kukabidhiwa kwa maandishi wabaki kidogo baada ya chai, tuone la kufanya kabla ya msimu kufunguliwa.